Kuta za Engaruka, Udongo wa Pemba

Mwaka 1935 mchimbuzi wa mambo ya kale Louis Leakey alifika Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Monduli, Arusha. Alikagua magofu ya mawe yaliyotapakaa mitelemkoni na uwandani, akakadiria kwamba palikuwa na nyumba zaidi ya 6,000 na watu kati ya 30,000 na 40,000. Waliosikia habari hiyo waliamini kwamba umegunduliwa mji mkubwa uliopotea.

Mimi ni mtu wa Wambaa, Pemba, na nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi. Nilipofika Engaruka sikuhitaji kuelezwa sana ninachokiona. Wambaa tumekaa juu ya vilima vinavyoshuka hadi pwani, upande wa magharibi wa kisiwa. Anayetaka kujenga hukata udongo upande wa juu, akaujaza upande wa chini, akaushindilia, kisha akauzuia kwa mawe au magogo ya minazi usichukuliwe na masika. Watu wa Engaruka walifanya kazi hiyohiyo. Walikata mtelemko wakapata viwanja, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja wakakishikiza kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa. Juu yake wakasimamisha nyumba. Vijiji vya namna hiyo ni saba. Chini yake yametanda mashamba ya kiasi cha hekta 2,000, yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe na kunyweshwa kwa mifereji iliyoteka maji ya mito inayoshuka ukingoni. Maisha hayo yaliendelea tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18, kisha vijiji vikahamwa.

Hawakuacha maandishi, kwa hiyo habari zao hazipatikani ila kwa kuchimba. Hamo Sassoon alichimba miaka ya 1960, akafuatiwa na John Sutton na wengine. Kadiri walivyoshuka ardhini, ndivyo ule mji mkubwa ulivyozidi kupungua. Nyingi ya kuta za uwandani zilikuwa mipaka ya mashamba, na marundo mengi yalikuwa mawe yaliyoondolewa ili watu wapate pa kulima. Makadirio ya watu yakashuka sana. Lakini wakulima wenyewe walipanda thamani. Yalipatikana mabaki ya mtama ulioungua, na dalili kwamba mifugo ilifungwa karibu na nyumba ili samadi ipelekwe shambani.

Kinachonishangaza zaidi ni alichokionyesha mchimbuzi mwingine, Daryl Stump, miaka ya 2000. Katika sehemu ya mashamba yale, udongo wenyewe uliletwa na maji. Mkulima alijenga ukuta mfupi, akaelekezea hapo maji yenye tope, tope likatulia. Ukuta ukaongezwa, tope jingine likaja juu ya lile la kwanza, mpaka penye mawe matupu pakawa shamba. Ukikata shimo unayaona matabaka hayo yamelaliana. Nani angeyajua kwa kupita juu yake tu?

Engaruka, basi, jicho lilihesabu kuta likapata watu wengi kupita kiasi. Kwetu Pemba jicho hilohilo lilikosa kuta likadhani hapakuwa na watu. Kwa muda mrefu waliotafuta mambo ya kale kisiwani walikwenda penye mawe: Ras Mkumbuu, alikochimba James Kirkman miaka ya 1950, na Pujini kwenye boma la mtawala wa kale Mkama Ndume. Msikiti wa mawe na kaburi la nguzo huonekana kwa mbali. Nyumba ya udongo na makuti ikianguka hurudi kuwa udongo, na mtu hupanda muhogo juu yake.

Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, kutoka Marekani, waliwatafuta watu hao wa nyumba za udongo. Walipita mashambani wakichimba mashimo madogo ya majaribio. Kule Tumbe, kaskazini ya kisiwa, walikuta makazi ya karne ya 7 hadi ya 10 yaliyoenea zaidi ya hekta 20, nyumba zake zote za udongo. Humo mlikuwa na vigae kwa maelfu vyenye michirizi iliyolika kwa kusugulia shanga za makombe. Chwaka, jirani yake, paliendelea kukaliwa kuanzia karne ya 11 hadi ya 16. Sarah Walshaw akachunguza nafaka zilizoungua za pande zote mbili: Tumbe mawele ndiyo yaliyotawala, Chwaka mpunga.

Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu watoto wetu hujifunza Pemba ya karafuu kana kwamba kisiwa kilianza na mkarafuu. Karafuu ni ya karne ya 19. Wali tumeula kwa karibu miaka elfu, na ushahidi wake ni punje nyeusi ndogo zilizookotwa ndani ya udongo uliochekechwa na kuoshwa kwa subira.

Ushahidi huo unapotea kila siku. Barabara zinakata vilima, misingi inachimbwa, vigae vinatupwa pamoja na kifusi. Kigae kikishang'olewa hakisemi tena kilikaa kina gani wala kando ya nini, na hayo ndiyo yanayompa mchimbuzi tarehe na maana. Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji wa Pemba: jembe lako likigonga vigae vingi, shanga au majivu yaliyolala tabaka, simama kwanza. Usivikusanye. Mwite sheha, naye apeleke habari kwa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kabla kazi haijaendelea.