Mshahara bora pekee hautasafisha usajili wa polisi

MALIPO ya maafisa wa polisi yamejadiliwa nchini Kenya kwa miaka mingi. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Philip Ransley mwaka 2009, na lile la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lililoteuliwa mwishoni mwa 2022, yote mawili yalipendekeza askari waboreshewe mishahara na mazingira ya kazi.

Wanaotetea nyongeza hiyo aghalabu husema kuwa mshahara duni huwafanya vijana waikwepe kazi ya polisi. Nchini Kenya, hoja hii ina kasoro. Kila siku ya usajili inapowadia, viwanja hufurika vijana wanaongoja kupimwa kimo, kukaguliwa meno na kushindana mbio. Ukosefu wa ajira umehakikisha kuwa makurutu hawakosekani, hata malipo yawe madogo kiasi gani.

Kwa hivyo, urefu wa foleni si kipimo cha haki ya mshahara. Athari zake huonekana kwingine: ni nani anayeingia, anaingia kwa njia gani, na anafanya kazi kwa moyo upi.

Tatizo sugu ni hongo wakati wa usajili. Mzazi anayeuza shamba au ng'ombe ili mwanawe aajiriwe huwa amenunua kazi. Konstebo aliyeingia kwa mlango huo huanza kazi akiwa na deni, na mshahara mdogo hauwezi kulilipa. Kishawishi cha kulifidia kutoka kwa wenye matatu na wachuuzi huwa kikubwa. Raia ndiye hulipa mwishowe.

Mfano ulio wazi ni usajili wa makurutu 10,000 uliofanywa Julai 2014. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi iliupinga mahakamani, na mnamo Oktoba 31 mwaka huo Mahakama Kuu ikaubatilisha kwa misingi ya ufisadi na ukiukaji wa taratibu. Mahakama ya Rufaa iliunga mkono uamuzi huo mwezi Mei 2015.

Malipo pia huamua iwapo wasomi watavutiwa na kazi hii. Mwaka 2018, maafisa wenye shahada walipunguziwa mishahara waliyokuwa wakipata kutokana na elimu yao, wakaelekea kortini. Kijana mwenye shahada ya sheria au uhasibu, ambaye ujuzi wake unahitajika katika upelelezi, hawezi kupuuza funzo kama hilo.

Mwaka huo huo, serikali ilitangaza kwamba polisi wangeondoka kambini na kuishi miongoni mwa raia kwa marupurupu ya nyumba. Tangu hapo, thamani ya mshahara wa afisa haiwezi kutenganishwa na kodi anayotozwa na mwenye nyumba mjini.

Je, nyongeza pekee inatosha? Tajriba ya mataifa mengine inatahadharisha. Nchini Ghana, mishahara ya polisi iliongezwa takriban maradufu mwaka 2010. Watafiti waliofuatilia safari za malori katika barabara kuu za Afrika Magharibi walibaini kuwa polisi wa Ghana hawakupunguza hongo waliyodai, waliiongeza.

Georgia, iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, ilifuata njia tofauti. Mwaka 2004 iliwafuta kazi polisi wote wa trafiki, ikaajiri wapya na kuwalipa mara kadhaa zaidi ya watangulizi wao. Hongo barabarani ilipungua mno. Tofauti ni kwamba Georgia ilibadilisha mshahara na mlango wa kuingilia kwa wakati mmoja.

Nchini Kenya, serikali ilianza kutekeleza nyongeza iliyotokana na ripoti ya Maraga mwezi Julai 2024, kwa awamu tatu za mwaka mmoja mmoja. Hatua hiyo ilistahili, hasa kwa kuwa Katiba inaruhusu sheria kubana haki za kikazi za polisi, na askari hawawezi kugoma kama walimu au madaktari.

Hata hivyo, kazi inayolipa vizuri zaidi hupanda bei pia kwa wale wanaoiuza. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Pasipo usajili wa wazi, ambapo kila aliyekataliwa anaelezwa sababu, nyongeza ya mshahara itaishia kunenepesha madalali wa nafasi za makurutu.