Mto Uliodhaniwa Mfereji: Vyombo, Vivuko na Kingo za Kagera

Januari 1862, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Kitangule, kivuko cha mto Kagera kilichokuwa chini ya himaya ya Karagwe. Alikuwa ametoka kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, ambako alikaa wiki kadhaa, na sasa alikuwa njiani kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Mwenzake, James Grant, alibaki nyuma Karagwe. Mguu wake ulikuwa umevimba asiweze hata kutembea. Pale ukingoni Speke alikadiria upana wa mto kuwa yadi 80, yaani mita 73 hivi. Kina kilikuwa kirefu kiasi kwamba pondo za wavushaji hazikugusa chini, na maji yalikwenda kwa kasi ya noti 3 hadi 4. Katika kitabu chake aliufananisha mto huo, uliozama kati ya kingo zake, na mfereji mkubwa.

Kwa Mwingereza wa zama zake mfano huo ulikuwa karibu mno. Mfereji wa Bridgewater, uliochimbwa kupeleka makaa ya mawe Manchester, ulifunguliwa 1761, miaka 100 kamili kabla Speke hajaingia Karagwe. Mifereji iliyofuata ilienea Uingereza nzima, na ili kupunguza gharama ya kuchimba, mingi ilijengewa milango ya maji yenye upana wa futi 7 tu. Kwa hiyo vyombo vyake vikawa vyembamba: upana futi 7 kasoro kidogo, urefu hata futi 70 na ushei, vikivutwa na farasi aliyetembea ukingoni. Leo boti hizo hubeba watu wanaoishi ndani yake, pamoja na watalii. Ukipita London kando ya Regent's Canal, uliokamilika 1820, utaziona zimeegeshwa foleni katikati ya mji, moshi ukitoka kwenye mabomba ya majiko. Asiye na maegesho ya kudumu anatakiwa asogee kila baada ya siku 14. Na mwendo haupaswi kuzidi maili 4 kwa saa.

Tupige hesabu ndogo hapa. Maili 4 kwa saa ni kilomita 6.4. Noti 4 ni kilomita 7.4. Boti ya London ikipandisha Kagera ile aliyoipima Speke, kwa mwendo wake halali wote, na mkondo ukiwa kwenye noti hizo 4, nahodha angeona miti ya ukingoni ikimpita polepole kuelekea mbele. Maji ya mfereji yamelala, ya Kagera yanasafiri. Tofauti hiyo moja imewashinda wengi waliotaka kuufanya mto huu barabara, na ndiyo iliyowafundisha wakazi wa kingo zake kazi ya aina nyingine kabisa, yaani kuvuka.

Msomaji wa Ihembe anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Kata yake iko juu kwenye vilima vya Karagwe, nchi ya migomba, kahawa na ng'ombe, na mitumbwi si habari ya kila siku huko. Lakini tazama ramani. Kagera ukitoka maporomoko ya Rusumo unakwenda kaskazini, ukizizungushia wilaya za Karagwe na Kyerwa upande wote wa magharibi, Rwanda ikiwa ng'ambo. Ukifika Murongo unakunja kwenda mashariki kando ya Uganda, kisha unaingia Misenyi, unapita Kyaka, na kumwaga maji katika Ziwa Victoria. Hakuna mto mwingine unaolipa ziwa hilo maji mengi kuliko huu. Tangu zama za Rumanyika, Mnyambo, yaani mwenyeji wa Karagwe, aliyetaka kwenda magharibi au kaskazini, awe na pembe za ndovu, chumvi au posa, ilimbidi kwanza apatane na mvushaji.

Kazi ya mvushaji haijawahi kupewa heshima yake katika vitabu. Wasafiri wameandika kurasa nyingi kuhusu ikulu na wake wa mfalme, na mistari michache tu kuhusu watu waliowavusha salama. Anayevuka maji yaendayo kasi haelekezi chombo moja kwa moja kwenye shabaha yake. Hutangulia kupanda na mtumbwi kandokando ya ukingo, mahali ambapo maji ni mapole, mpaka apite juu ya pale anapotaka kutua. Kisha huingia katika mkondo omo ikitazama maji yanakotoka, kwa mshazari kidogo, akipiga kafi ili asirudishwe sana nyuma. Mkondo wenyewe humsukuma hadi ng'ambo. Akikosea mshazari, omo ikageuka sana, maji huukamata mtumbwi ubavuni. Hapo ama anapelekwa mbali ama anapinduka.

Kutua nako kuna adabu yake. Kwenye mfereji wa London nahodha hupunguza mwendo, hurukia ukingoni, hugongomea vigingi viwili kwa nyundo, hufunga kamba za mbele na nyuma, kisha hubandika birika. Kwenye Kagera omo lazima iendelee kutazama mkondo, na kamba yake ndiyo ya kwanza kufungwa. Anayeanza kufunga tezi ataona omo ikichukuliwa na maji na chombo chote kikizunguka. Kamba nayo isikazwe mno wala isilegezwe mno, kwa kuwa mvua ikinyesha milimani mto hupanda usiku watu wamelala.

Na mara nyingi ukingo wenyewe haupo. Kwenye sehemu kubwa ya magharibi kuna mafunjo, mapana hata usione udongo, na mengine hung'oka yakaelea kama kisiwa. Anayefunga mtumbwi kwenye mafunjo bila kujua mizizi yake imeshika wapi anaweza kuamka akiwa safarini. Uwazi mzuri katikati ya mafunjo, uliokanyagwa ukalainika, humvutia mgeni kama gati iliyoandaliwa. Mwenyeji anajua hiyo ni njia ya kiboko, naye jua likizama ataitumia.

Sasa tuje kwenye chombo kilichokaribia zaidi ile boti nyembamba ya Kiingereza kupata kufika Karagwe. Kiliitwa Lady Alice. Mpelelezi Henry Morton Stanley alikiagiza 1874 kwa mjenzi wa boti James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Kilikuwa cha mbao za mwerezi, urefu futi 40 na upana futi 6, hivyo kingepita bila taabu kwenye milango ya mifereji ya kwao. Kilitengenezwa kwa vipande 5 vya kufungwa pamoja, ili wapagazi wavibebe mabegani. Vilipofika Unguja vikaonekana vizito na vipana kwa njia za vichakani, na fundi seremala Ferris akavikata upya. Mwezi Novemba msafara ukatoka Bagamoyo, boti ikienda kwa miguu ya watu.

Kati ya Machi na Mei 1875 Lady Alice ililizunguka Ziwa Victoria. Mapema 1876 ikafika Karagwe, na Stanley akapiga kambi Kafuro, makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili yaliyokuwa karibu na ikulu ya Bweranyange. Rumanyika, aliyewahi kumpokea Speke miaka 14 na zaidi nyuma, alikuwa sasa mzee. Akaruhusu boti iletwe kwenye ziwa dogo lililo chini ya ikulu, lile ambalo Speke alikuwa amelibandika jina la Windermere, ziwa la kwao Uingereza. Kukafanyika mashindano.

Ningependa kuwa miongoni mwa watazamaji siku ile. Upande mmoja kuna boti ya Teddington na wapiga makasia wa Kiswahili, watu wa Unguja na mrima waliozoea maji ya chumvi. Upande wa pili kuna mitumbwi ya Wanyambo, wapiga kafi wamesimama wima, kafi zao ndefu. Omukama na wanawe wanatazama, na mlima mzima umejaa watu wanaopiga kelele. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, mwendo wa vyombo haukupishana sana. Huyu ni mtu ambaye hakuwa na kawaida ya kujipunja sifa. Akikiri kwamba hapakuwa na tofauti kubwa, mimi nawapa Wanyambo ushindi. Si ajabu pia: aliyechonga mtumbwi katika gogo moja ana mkono uleule unaochonga chombo cha kukanyagia ndizi za rubisi, na kazi hiyo Karagwe hawakufundishwa na mtu.

Baada ya michezo ikaja safari yenyewe. Kwa ruhusa na waongozaji wa Rumanyika, Stanley aliingia mtoni, akaupa jina la Alexandra Nile ambalo halikudumu, akapima kina na kuchungulia maziwa yaliyojificha nyuma ya mafunjo, likiwemo Ihema ambalo sasa liko Rwanda. Aligundua kwamba bonde lile ni pana sana na kwamba mto unaoonekana ni ujia tu katikati ya kinamasi. Majini hakuna aliyemzuia. Kilichomshinda ni kutua. Alipojaribu kushuka upande wa magharibi, wenyeji walimfukuza kwa pinde mkononi. Neno la Rumanyika lilikuwa na nguvu katikati ya mto na kwenye ukingo wake mwenyewe. Ng'ambo halikuwa na nguvu yoyote. Mwishoni mwa Machi 1876 Stanley aliiacha Karagwe, na Lady Alice ikapandishwa tena mabegani kuelekea kusini.

Mwaka uliofuata boti hiyo ilitelekezwa karibu na maporomoko ya Isangila, mto Kongo, baada ya kuvuka karibu bara zima. Watu wake wanastahili kutajwa. Uledi, mshika usukani, aliwaokoa wenzake wengi waliokuwa wakizama katika maporomoko ya Kongo. Frank Pocock, kijana wa Kent aliyekulia kwenye kazi za boti, alizama hukohuko Juni 1877.

Wakoloni walipokuja hawakuhangaika sana kuuendesha mto huu. Waliupenda zaidi kama mstari. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 ulipitisha mpaka kwenye nyuzi 1 ya kusini, bila kujali mto unapokunjia, ndiyo maana kuna kipande cha Tanzania kaskazini mwa Kagera. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914, mto ukawa uwanja wa mapambano kati ya Waingereza wa Uganda na Wajerumani wa Bukoba, hadi 1916. Kwa makubaliano ya 1919 Waingereza wakapewa na Gisaka, ng'ambo ya magharibi, wakitamani nafasi ya kupitisha reli kati ya Cape Town na Cairo. Ukanda huo ulirudi Rwanda mwisho wa 1923, na tangu hapo mtumbwi unaotoka upande wa Karagwe kwenda kutua upande wa pili umekuwa ukisafiri nje ya nchi, hata kama abiria anakwenda tu kumsalimia shemeji.

Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin lilivuka mpaka. Siku chache baadaye Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa Kagera ni la Uganda na kwamba mto ndio mpaka, kisha wanajeshi wake wakalibomoa daraja la Kyaka. Ghafla lile swali la Speke likarudi kwa jeshi zima: tutavukaje? Wanajeshi wa Tanzania walijibu kwa daraja la muda, na Januari 1979 walikuwa wameshauteka mji wa mpakani wa Mutukula. Waliopata kuishi Kyaka miaka hiyo hawahitaji mwandishi wa kuwaeleza uzito wa mita mia moja za maji.

Mwaka 1994 mto ulibeba miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi Ziwa Victoria. Wavuvi wa Kasensero, karibu na mdomo wa Kagera, ndio walioiopoa. Sitaongeza neno.

Siku hizi kazi ya mto imebadilika. Rusumo kuna mitambo ya umeme ya megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Murongo na Kikagati, kwenye maporomoko yanayozuia chombo chochote kupanda kutoka ziwani, kuna kituo cha megawati 14 kinachogawanya umeme kati ya Tanzania na Uganda. Na Kitengule, jina la kivuko cha Speke kwa tahajia ya leo, 2022 lilizinduliwa daraja la mita 140 linalounganisha Karagwe na Misenyi. Malori ya miwa hupita juu yake kwa nusu dakika. Mitumbwi imebaki kwa wavuvi, wanaogombana na magugu maji tangu yalipoenea mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kuna watakaotaka siku moja kurudia safari ya Lady Alice kama utalii, na wazo si baya. Wajiandae lakini. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa, hivyo ruhusa ya kushuka majini Kyerwa haitoki tena kwa Omukama bali kwa shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, na tozo zake. Ng'ambo kuna Hifadhi ya Akagera, iliyoanzishwa 1934, na askari wake. Nahodha atakayefunga kamba kwenye mafunjo yasiyo na mizizi, akaamka asubuhi upande wa pili, itabidi awe na pasipoti mfukoni.