Kungoja Maji Pangani

Mtu anayekwenda Pangani kwa jahazi haulizi saa, anauliza maji. Mto Pangani huingia baharini kwa mlango mwembamba, na mbele ya mlango huo lipo fungu la mchanga ambalo chombo chenye shehena nzito hakiwezi kulivuka maji yakiwa yamekupwa. Bahari yetu hii, nyakati za bamvua, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili kila siku, na saa ya kujaa husogea mbele karibu dakika 50 kutoka siku moja hadi ya pili. Kwa hiyo nahodha atokaye Mkokotoni, hata awe na upepo mzuri namna gani, akiwahi kabla ya maji hutua tanga akatia nanga nje. Akisha kuingia na kupakia, hungoja tena ndipo atoke. Asiyekuwa na subira hupwelewa, na watu wa ng'ambo zote mbili, Pangani upande wa kaskazini na Bweni upande wa kusini, humtazama chombo chake kimelala ubavu kama mlevi.

Nimefundisha historia miaka mingi, na nikaishia kuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Vitabu tulivyotumia vilitaja Pangani: vilimtaja Abushiri, vikautaja mwaka wake, kisha vikahamia kwingine. Kungoja maji hakukutajwa. Nami naona bila kungoja huko mji huu haueleweki. Baharia mwenye saa sita za bure nchi kavu atafanya nini? Atatafuta wali na samaki, atakaa barazani anywe kahawa chungu, na kama si mshika dini sana atauliza kwa sauti ya chini tembo la mnazi linagemwa wapi. Kupwa kwa maji ndiko kulikowapa kazi wapishi wa Pangani.

Richard Burton na John Speke walifika hapo kwa chombo cha tanga mnamo Februari 1857, kabla ya safari yao ndefu ya Ziwa Tanganyika. Wakapanda hadi Vuga kumwona Kimweri, mtawala wa Washambaa, na waliporudi Pangani wakalazwa na homa. Mji waliouona ulikuwa wa pembe za ndovu. Misafara iliyokwenda nchi ya Wamasai ilitengenezwa hapo, na wapagazi, sawa na mabaharia, walipaswa kulishwa hata siku ambazo hawakubeba kitu.

Halafu ikaja miwa. Katika karne hiyo ya 19 Waarabu wenye mali walifungua mashamba kando ya mto, mahali ambapo ardhi hunyweshwa na mto wenyewe, wakaweka vinu na kuchemsha sukari guru na asali ya miwa, ikapakiwa majahazini kwenda Unguja na ng'ambo. Kazi ya miwa, na hapa nawaomba wasomaji wangu tusiharakishe, ni kazi isiyojua huruma. Muwa uliokatwa hauna subira, ukikaa huharibika, hivyo kinu hakilali na anayekilisha halali. Waliokilisha walikuwa watumwa. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya sukari ya Pangani waliasi, na waliotoroka wakajijengea makazi yao wenyewe. Sikupata kuona mtihani wa shule ulioliuliza jambo hilo, ingawa ya Abushiri yameulizwa mara nyingi.

Na huyo Abushiri bin Salim alikuwa nani kabla ya vita? Alikuwa mwenye shamba la miwa. Shamba lake, Mwera, lilikuwa karibu na Pangani. Kusema hivyo si kumpunguzia ushujaa. Alipigana na Wajerumani, naye alinyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Lakini shujaa wetu alikula sukari ya watu waliolazimishwa kuikamua, na mwalimu anayelificha hilo anawafundisha watoto nusu ya somo.

Hata vita vyenyewe vilianza penye karamu. Katika miji ya Mrima ukubwa wa mtu ulipimwa kwa masufuria yake: nani amelisha wangapi, nani kachinja, ngoma ya nani imekesha. Majumbe walishindana kwa karamu kuliko kwa silaha. Sasa, kampuni ya Kijerumani ilipewa na Sultani wa Unguja mkataba wa kutawala pwani hii, ikaanza kuutumia katikati ya Agosti 1888, na siku hizo hizo zikawa za Idi Kubwa. Mji ulikuwa umefurika wageni walioshuka kutoka bara kuja kula sikukuu. Ofisa wa kampuni, Emil von Zelewski, akaja na bendera yake akidhani anautwaa mji wa wafanya biashara wachache waoga. Muda si mrefu yeye na wenzake walikuwa wamezuiliwa ndani ya nyumba, wakawa hawana budi kuondolewa Pangani. Mimi nasadiki kwamba lau angefika mwezi mmoja nyuma, masufuria yakiwa yamefunikwa, mambo yangalikwenda vingine, walau kwa muda.

Baada ya vita Pangani ilishindwa na kitu kidogo: lile fungu la mchanga. Meli za moshi hazikuweza kuingia mtoni, na Tanga ilikuwa na ghuba yenye kina. Reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na shehena ikaifuata. Mwaka huo huo Richard Hindorf alipokea miche ya mkonge iliyosafirishwa kutoka Florida kupitia Hamburg. Miche ilikuwa 1,000, na 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Ikapandwa Kikogwe, kusini ya mto, katika bonde lile lile la watumwa wa miwa.

Mkonge ukawaleta manamba, watu wa mkataba kutoka mikoa ya mbali, na manamba wakavileta vilabu vya pombe. Mji wa swala tano ukajifunza kuishi na ngoma za Jumamosi usiku huko mashambani. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, vilabu vikanyamaza kabla ya mashamba.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwa mashua tulifika na maji tukatia nanga karibu na kivuko. Mama lishe mmoja akatupakulia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nazi nzito kiasi cha kumfanya mtu asahau adabu. Nahodha akaniambia, "Mwalimu, kula taratibu, hatutoki sasa." Nikamwuliza yule mama asili yake. Akasema babu wa babu yake alikuwa mtu wa miwa. "Mwenye shamba, mama, au mkata miwa?" Akacheka kidogo, akasema, "Mzee wangu, ngoja nikuongeze mchuzi." Akaniongeza, na habari ikaishia hapo.

Alichopenda kuzungumza ni chumvi. Alisema maji ya bahari siku hizi hupanda mtoni mbali kuliko zamani, na wataalamu waliolichunguza bonde wanasema vivyo hivyo. Huko juu maji yamezuiwa na kugawanywa: bwawa la Nyumba ya Mungu na kituo cha umeme cha Hale tangu miaka ya 1960, kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani tangu 1995, na mifereji ya kumwagilia isiyohesabika. Mto ukishuka na nguvu ndogo, bahari huingia. Minazi ya ukingoni huumia, na mwenye kiunga cha mpunga huonja maji kwanza ndipo ayafungulie shambani.

Katika miaka ya 2020 ilianza kazi ya kujenga daraja kati ya Pangani na Bweni, ili gari litokalo Tanga lielekee Bagamoyo bila kungoja kivuko. Tulipotoka maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mikoko, na kijana mmoja wa chombo chetu alikuwa bado anatafuna.