Taa ya Furu

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria husubiri giza. Mwezi ukiwa mpevu hubaki nchi kavu, maana karabai haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Ukififia huingia ziwani na taa zao, na ukiwa kwenye vilima vya Mwanza utaona nukta za mwanga zimetapakaa juu ya maji kama mji wa pili. Sisi tuliokulia huko tunajua tangu utotoni kwamba samaki na taa wana mambo yao. Lakini taa ya mvuvi humwita samaki aje avuliwe. Nilipoamua kufuga furu nyumbani, kwenye tangi la kioo, nilihitaji taa ya kazi nyingine.

Muuzaji hakusita. "Chukua hii ya bluu, kaka. Samaki wa Afrika wanapenda bluu." Boksi lilikuwa na picha ya samaki wa Ziwa Nyasa, wanaoishi kwenye maji maangavu kweli kweli. Nilimshukuru, nikasema nitarudi. Niliyoyasoma baada ya hapo yalinionyesha kwamba katika historia ndefu ya taa za matangi, samaki mwenyewe amekuwa wa mwisho kuulizwa.

Wa kwanza kuulizwa ulikuwa mmea. Mwaka 1779 tabibu Mholanzi, Jan Ingenhousz, alichapisha majaribio aliyoyafanya Uingereza. Alizamisha majani ndani ya maji, akaona kwamba juani yanatoa vipovu na gizani vipovu vinakoma. Hewa ile ndiyo tunayoiita oksijeni. Miaka 70 baadaye, mkemia Robert Warington wa London aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu kwenye chombo kimoja na mmea wa majini, Vallisneria, aone kama mmea utawapa samaki hewa ya kutosha pasipo kubadilisha maji. Majani yaliyooza yakachafua maji, akaleta konokono wayale, mambo yakatulia. Alitangaza matokeo mwaka 1850. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma, na fasheni ya matangi ikaingia sebuleni.

Taa yao ilikuwa dirisha. Jua likizidi, kioo kinageuka kijani kwa mwani. Likipungua, mmea unadhoofika na samaki anakosa pumzi. Na dirisha la London halina msimamo: mwezi Juni mchana unazidi saa 16, Desemba haufiki 8. Furu wa Mwanza, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, hajui habari hizo. Kwake ni saa 12 za mchana, Januari hadi Desemba.

Umeme ulipokuja ulileta balbu ya uzi, ambayo zaidi ya tisa ya kumi ya umeme wake huishia kuwa joto. Mwaka 1938 taa za tyubu zikaingia sokoni Marekani, zenye mwanga mwingi na joto dogo, na tangi likaweza kuhama dirishani. Tena mmea ndio uliofaidi. Kilele chake naona ni kazi ya Takashi Amano, mpiga picha wa Kijapani aliyepanga mimea, magogo na mawe chini ya taa kali hadi tangi likafanana na bonde la milimani. Ni kazi nzuri sana, lakini samaki ndani yake ni pambo, kama ndege waliochorwa pembeni mwa picha.

Kuna Amano mwingine, na huyu ndiye aliyebadilisha duka lile nililoingia. Hiroshi Amano, pamoja na Isamu Akasaki na Shuji Nakamura, walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kutengeneza LED ya bluu. LED nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 1960, ila bila bluu huwezi kupata mwanga mweupe. Taa nyingi nyeupe za LED tunazonunua leo ni bluu iliyofunikwa kwa unga unaong'aa njano. Bluu na njano zikichanganyika jicho la mtu huona nyeupe. Jicho limeridhika, lakini wekundu ndani ya mwanga huo ni kidogo. Hata kipimo cha ubora wa rangi kinachoandikwa kwenye boksi, CRI, ni wastani wa rangi nane zilizopauka, na nyekundu iliyokolea haimo. Hiyo hupimwa peke yake kwa jina R9. Taa inaweza kujisifu kwa CRI ya 80 huku R9 yake ikikaribia sifuri.

Mtu mwenye samaki wa kijivu anaweza kupuuza hayo. Mimi nilimtaka Pundamilia nyererei.

Jina hilo halikutungwa kwa utani. Samaki huyu alielezwa kisayansi mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka, na watafiti Waholanzi waliokuwa wakifanya kazi Mwanza wakampa jina lake. Dume ana mgongo mwekundu, mbavu za njano na milia myeusi ya wima. Nduguye, Pundamilia pundamilia, ana milia hiyohiyo lakini dume wake ni wa bluu. Wanaishi kwenye miamba ileile. Wa bluu karibu na uso wa maji, mwekundu chini zaidi. Maji ya Ghuba ya Mwanza hunyonya bluu kwanza, hivyo ukishuka unakuta mwanga wa njano na nyekundu. Hata macho yao yametofautiana: mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba wale wa chini mara nyingi wana aina ya protini ya jicho inayonasa wekundu vizuri zaidi.

Majike huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza katika jarida la Science kinachotokea rangi zisipoonekana. Chini ya taa nyeupe, majike kwenye tangi walichagua madume wa spishi yao. Chini ya taa ya rangi moja ya chungwa, ambapo mwekundu na wa bluu hawatofautiki, uchaguzi ulivunjika. Na ziwani kulikuwa na mfano wa hali hiyo. Mbolea, udongo wa mashamba na taka za miji vimelirutubisha ziwa kupita kiasi, mwani umeongezeka, maji yamekuwa mazito. Kwenye kisiwa cha Makobe, maji yakiwa maangavu kiasi, mwekundu na wa bluu bado ni spishi mbili. Luanso, kwenye maji ya tope, utakuta samaki wa katikati, si mwekundu kamili wala si wa bluu. Sangara tumemlaumu sana kwa kuwamaliza furu, na ni haki yake. Ila hawa hawakuliwa na mtu. Walipotezana kwenye ukungu.

Mwaka 2017 kulichapishwa jaribio jingine: furu wa aina hizi mbili walilelewa maabara chini ya taa zilizoigiza maji ya juu au maji ya chini, na kila aina iliishi vizuri zaidi kwenye mwanga wa kwao. Kuishi na kufa, kwa kubadilisha taa!

Kwa hiyo taa ya bluu niliiacha dukani. Nilichagua nyeupe ya joto kiasi, yenye R9 zaidi ya 90, isiyo kali, na saa ya kuiwasha saa 12 asubuhi na kuizima saa 12 jioni. Juu ya nusu ya kioo nimetandika karatasi ya plastiki ya njano ipunguze bluu. Nusu nyingine niliiacha wazi, kwa sababu chungwa tupu ndiyo iliyowachanganya wale majike. Mimea sikuweka, ni mawe matupu. Na Pundamilia pundamilia sikumchanganya nao, hata kama tangi lina nafasi, maana vifaranga vya tangi huuzwa na kuhama, na jina likishabandikwa kwa chotara halibanduki.

Ukisimama upande wa plastiki, dume anaonekana amefifia kidogo. Wageni husema nikitoe kile kikaratasi, samaki aonekane vizuri. Majike wanne huogelea upande huohuo karibu mchana kutwa.