Historia: Wakati kadi za kompyuta zilipookwa jikoni

Kuanzia mwaka 2008 hivi, watu wengi wa Ulaya na Marekani walifanya jambo ambalo mama yeyote angelikataza jikoni mwake. Walifungua kompyuta iliyokufa, wakatoa kadi ya picha, wakaisimamisha juu ya vidonge vya karatasi ya alumini, wakaitia ndani ya tanuri la kuokea mikate kwa dakika nane au kumi. Ilipopoa wakairudisha mahali pake, wakawasha. Mara nyingi kioo kiliwaka tena, na mwenye kompyuta akashangilia.

Habari hiyo ilienea upesi. Sehemu yake ya pili ilichelewa kusimuliwa: baada ya siku, juma au miezi michache, kadi nyingi kati ya hizo zilizimika tena, na mara hii moto haukusaidia. Yapo mengi ya kujifunza hapo kwa familia ya Kivu inayolipa makuta yake kwa fundi, na kwa kijana anayeanza kazi ya kutengeneza kompyuta. Tena bati linaloshika vipande vya kadi kama hizo, sehemu yake hutoka katika ardhi ya Walikale.

Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi

Kadi ya picha ni kibao kinachotengeneza picha na kuituma kwenye kioo. Ikifa, kompyuta inaweza kuendelea na kazi zake zote ndani, lakini mtu anaona giza tu.

Mwezi wa Agosti 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ya PC. Mnunuzi alichagua kati ya kadi mbili: moja ya maandishi peke yake, nyingine ya rangi. IBM iliuza pia kitabu cha mafundi chenye michoro ya mashine hiyo. Aliyejua kusoma michoro aliweza kufuata njia ya umeme kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mashine ile ilijipima yenyewe kila ilipowashwa. Ikikuta kadi ya picha ina ubovu, haikuweza kuandika chochote kwenye kioo, maana kioo hakikuwa kikipokea kitu. Kwa hiyo ilipiga mlio: mmoja mrefu, miwili mifupi. Fundi alitambua ugonjwa kwa sikio, kabla ya kushika bisibisi. Kompyuta nyingi zilizofuata zilirithi desturi hiyo, ingawa kila mtengenezaji alijipangia milio yake.

Miaka ishirini baadaye, ubovu mwingine ulionekana kwa macho. Kuanzia mwaka 2002 hivi, ilijulikana kwamba kapasita nyingi zilizotengenezwa Taiwan zilikuwa na maji mabovu ndani. Kapasita ni vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme kwenye kibao. Vilivimba kichwa kama mkebe wa samaki uliooza, vikavuja. Mtu mwenye chuma cha kulehemu na kapasita mpya za kipimo kilekile aliweza kumaliza kazi hiyo nyumbani, na kazi ikadumu, kwa sababu kilichobadilishwa ndicho kilichokuwa kimeharibika.

Risasi inaondolewa, bati linaongezeka

Wakati huo chipu za picha zilikuwa zinakua haraka. Mwaka 1999 kampuni ya Nvidia ilitoa GeForce 256 na kuieneza kwa jina la GPU, na tangu hapo kila kizazi cha chipu kilitaka umeme mwingi zaidi na kutoa joto zaidi. Miguu ya chipu, ambayo zamani ilionekana pembeni, ilihamia chini yake. Ikawa vidonge vya lehemu vilivyofichika, mamia kwa mamia, mahali ambapo jicho wala chuma cha kulehemu havifiki.

Tarehe 1 Julai 2006, sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kukataza risasi katika vifaa vingi vya umeme, kwa sababu ni sumu kwa watu, kwa udongo na kwa maji. Lehemu ya zamani ilikuwa na sehemu 63 za bati na 37 za risasi katika kila 100, na iliyeyuka kwenye nyuzi 183 za joto. Ile iliyotumika sana badala yake ina bati sehemu 96.5, fedha 3 na shaba nusu. Inayeyuka kwenye nyuzi 217, na ni ngumu zaidi. Viwanda vikahitaji bati zaidi, na moto zaidi.

Hapo ndipo Kivu inapoingia. Bati hutoka katika kasiterite. Katika miaka hiyohiyo, machimbo ya Bisie, wilayani Walikale, yalikuwa yamejaa wachimbaji. Vijana walibeba magunia mgongoni kupitia msituni hadi Ndjingala, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kupeleka mzigo Goma. Watu wenye silaha walitoza kodi njiani. Mzigo uliendelea hadi viwanda vya kuyeyusha vya Asia, kama vile Malaysia na Thailand, ambako uliyeyushwa pamoja na bati la nchi nyingine. Kadi fulani haiwezi kuonyesha shimo ambalo bati lake lilitoka. Lakini vijana wa Walikale walikuwa sehemu ya mnyororo uleule uliofika kwenye tanuri za Ulaya.

Mashine zinaanza kufa

Alama kubwa ya kwanza ilionekana kwenye mashine ya michezo. Xbox 360 ya Microsoft ilianza kuuzwa Novemba 2005. Nyingi zilizimika na kuonyesha taa tatu nyekundu. Wenye nazo walizizungushia taulo ili zipate joto kupita kiasi, na baadhi ziliamka kwa muda. Julai 2007 Microsoft iliongeza dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa gharama hiyo.

Mwaka mmoja baadaye zamu ilikuwa ya kompyuta za mkononi. Tarehe 2 Julai 2008, Nvidia ilitangaza kwamba itatenga dola kati ya milioni 150 na 200 kwa sababu ya chipu zilizoharibika katika baadhi ya kompyuta hizo. Ilisema udhaifu ulikuwa katika vitu vilivyotumika kufungia chipu. Mwezi wa Oktoba Apple ilikiri kwamba baadhi ya kompyuta zake zimeguswa. Mwaka 2010 kesi iliyofunguliwa Marekani ilielekea kwenye mapatano, na wenye kompyuta fulani za Dell, HP na Apple wakaahidiwa matengenezo au mashine nyingine.

Mapatano hayo yalikuwa ya watu wa Marekani. Mashine zilizokuwa tayari zimeuzwa mkono wa pili katika nchi nyingine zilibaki na wenyewe. Ndiyo maana watu wengi walikimbilia tanuri.

Ghorofa mbili

Ili kuelewa kwa nini moto uliamsha kadi, inafaa kufikiria nyumba ya ghorofa. Chipu yenyewe ni kipande chembamba cha silikoni. Kinakaa juu ya kibao kidogo kwa vidonge vidogo sana: hiyo ni ghorofa ya juu. Kibao hicho kidogo nacho kinakaa juu ya kadi kubwa kwa vidonge vikubwa zaidi: hiyo ni ghorofa ya chini. Ndani ya ghorofa ya juu kuna gundi inayojaza nafasi kati ya vidonge ili visivunjike.

Chipu ikifanya kazi inapata joto na kutanuka; ikizimwa inapoa na kujikunja. Silikoni na kibao havitanuki kwa kiasi kimoja, kwa hiyo vidonge vinavutwa kila siku. Katika chipu zile za Nvidia, gundi ililegea kwenye joto la kazi ya kawaida, ikaacha vidonge vya juu vibebe mzigo peke yao. Vikapasuka.

Watu wengi walidhani ubovu uko ghorofa ya chini, kwamba lehemu mpya isiyo na risasi imeachia, na kwamba tanuri inaiyeyusha na kuifunga tena. Hesabu inakataa. Tanuri lilikuwa linawekwa karibu na nyuzi 200, wakati lehemu hiyo inahitaji 217. Vidonge vya ghorofa ya juu vilikuwa vigumu zaidi: sheria ya Ulaya iliviruhusu kubaki na risasi nyingi, na vidonge vya aina hiyo vinayeyuka juu ya nyuzi 300. Ndani ya tanuri la jikoni hakuna kilichoyeyuka.

Kilichotokea ni kwamba joto lilitanua vitu na kulegeza gundi, na ncha zilizopasuka zikagusana tena. Umeme ukapita. Siku chache za kuwasha na kuzima zilitosha kuzitenganisha. Louis Rossmann, fundi wa New York aliyejulikana kwa video zake, alirudia jambo hilo mara nyingi: kuiamsha chipu kwa moto na kumwambia mteja kwamba imepona ni kumdanganya, maana dawa ya chipu iliyopasuka ndani ni chipu nyingine.

Tena kulikuwa na hatari ya afya. Kadi ikipata moto inatoa moshi wa plastiki na wa dawa za kiwandani, na kadi za kabla ya 2006 zina risasi. Tanuri au sufuria iliyopitisha kadi haifai tena kupika chakula cha watoto.

Utaratibu ulioachwa na miaka ile

Mafundi waliotoka katika kipindi hicho na heshima yao ni wale waliopima kwanza. Utaratibu wao unafanyika hata mahali ambapo umeme unakuja kwa saa chache.

Wanaanza nje: kioo, waya, na tundu lingine la waya. Kisha wanatoa kadi. Ikiwa kompyuta ina njia yake nyingine ya picha kwenye kibao kikuu, wanaunganisha kioo hapo; kikiwaka, shida iko kwenye kadi. Halafu wanajaribu kadi ndani ya mashine nyingine iliyo nzima, kwa sababu mara nyingine mgonjwa ni kisanduku cha umeme. Tundu la kadi hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa inaongezewa umeme kwa nyaya zake, mara nyingi wati 75 au 150 kwa kila moja, na kisanduku kilichochoka hakiwezi kubeba hayo.

Baada ya hapo wanatazama: vumbi, feni iliyogoma, kapasita iliyovimba, alama ya kuungua. Umeme ukiwa umekatwa, wanashika kipimo cha umeme na kuangalia kama njia ya volti 12 imegusana na ardhi ya kibao. Ikiwa imegusana, kuna kitu kilichoungua kwenye njia hiyo, na mara nyingi kinaweza kubadilishwa. Rangi zenye madoa au mistari inayoonekana tangu maandishi ya kwanza, kabla Windows haijafunguka, zinaelekeza kwenye kadi yenyewe, hasa kumbukumbu yake. Zikionekana baadaye tu, programu inayoendesha kadi inawekwa upya kwanza, maana hilo halina gharama.

Mwishoni kabisa ndipo wanaifikia chipu kubwa. Hiyo si kazi ya nyumbani. Inataka mashine ya hewa ya moto yenye kipimo, chipu nzima ya kubadilishia, na mkono uliozoea. Wakati mwingine bei yake inapita bei ya kadi.

Somo hili bado ni la leo. Tarehe 15 Septemba 2022, mtandao wa pesa za kidijitali wa Ethereum uliacha kutumia kadi za picha, na kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zikaingia soko la mkono wa pili duniani. Kadi iliyookwa jana inaweza kuonekana nzima mbele ya mnunuzi leo. Mnunuzi mwenye akili anaomba iwashwe kwa muda mrefu, izimwe, ipoe kabisa, iwashwe tena. Ufa wa ndani hujificha wakati wa joto na kujitokeza baada ya baridi.

Huko Goma na Bukavu, mafundi wa mitaani huita waya wa kulehemu etain, neno la Kifaransa lenye maana ya bati. Hivyo kitu kilichotoka wilayani kama mawe meusi kinarudi mjini kikiwa kimeviringishwa, kwa bei ya kununua.

Na kwa familia iliyohama makwao na kompyuta moja iliyookolewa, kuna jambo la kushika kabla ya kumlipa yeyote. Vyeti vya shule, picha za ndoa na karatasi za shamba zilizopigwa picha hukaa kwenye diski, wala si kwenye kadi ya picha. Kioo kikiwa cheusi, mali hiyo kwa kawaida bado ipo. Fundi anaweza kutoa diski, kuiunganisha na kompyuta nyingine na kunakili kila kitu kabla ya kugusa kadi. Fundi akianza kwa kuomba moto, mwenye kompyuta ana haki ya kumuuliza kwanza amepima nini.