Ini lililogeuka mahali: historia fupi ya "-ni"

Mturuki akisema evde, yuko nyumbani. Akisema eve, anaelekea nyumbani. Akisema evden, anatoka nyumbani. Nyumba ni ile ile, ev. Kinachobadilika ni mkia wa neno. Sisi je? Niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. Mkia mmoja tu, -ni, na kazi ya kuonyesha mwelekeo tumekiachia kitenzi.

Usikimbilie kusema Kiswahili kina upungufu. Chenyewe kinauliza swali jingine: mahali hapo pakoje? Chukua duara la wachimbaji wadogo kule Nyarugusu, Geita. "Duarani pana watu": pale pale, unaweza kuonyesha kwa kidole. "Duarani kuna watu": upande ule, eneo lile kwa ujumla. "Duarani mna watu": wako ndani, chini huko. Neno duarani halijabadilika hata herufi moja. Tofauti yote imebebwa na pa-, ku- na m-.

Viambishi hivi ni vikongwe kuliko Kiswahili chenyewe. Msukuma wa Shinyanga bado anaviweka mbele ya nomino: ha numba, ku numba, mu numba. Hiyo ha ndiyo pa yetu, kwa kuwa p ya zamani imekuwa h katika Kisukuma. Lugha nyingi za Kibantu zina utatu huu, ndiyo maana wanaisimu wanauhesabu kuwa urithi wa lugha mama na kuupa namba: ngeli ya 16, 17 na 18.

Sasa, -ni ilitoka wapi? Mwaka 1994 Ridder Samsom na Thilo Schadeberg waliandika makala, tena kwa Kiswahili, wakipendekeza kwamba chanzo chake ni ini. Ndiyo, ini hili hili la mwilini! Kiungo cha ndani kikawa neno la "ndani", na neno la "ndani" likachakaa mpaka likabaki mkia wa mahali. Linganisha na kiini, sehemu ya katikati kabisa ya kitu.

Na mkia huu si wetu peke yetu. Wagikuyu wana -inĩ, Wazulu husema endlini kwa "nyumbani", na kwa Wasotho na Watswana umebaki -ng. Jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, ni gauta (dhahabu) na -ng. Yaani "Dhahabuni". Jina hilo lingeikaa Geita vizuri tu!

Lugha hugawana kazi upya kila zama. Hata Kituruki: katika maandishi ya mawe ya Orkhon, Mongolia, ya karne ya 8, -da ilibeba "kwenye" na "kutoka" kwa pamoja. Kiswahili nacho, -ni ilipoingia nyuma ya nomino, viambishi vya mbele vilidondoka, vikabaki kwenye upatanisho tu: nyumbani pangu, kwangu, mwangu.

Na huko nako vinapungua. Mtaani "kuna" inameza "pana" na "mna". Kwenye sebule haina madhara. Ila duara likititia, mtu akaja mbio akisema "duarani kuna watu", mwokoaji itabidi aulize tena: wapi, mdomoni au ndani? "Mna watu" ingemaliza swali kwa silabi moja. Msukuma mwenye mu yake anaijua tofauti hiyo tangu utotoni.

Kwa hiyo mwalimu, mwanafunzi akiandika "kwenye mgodini", kosa ni kosa, lisahihishe. Lakini mwonyeshe pia alichofanya: ametaja mahali mara mbili, mbele kwa ku- ya kale iliyojificha ndani ya kwenye, na nyuma kwa -ni. Kisha muulize kwao wanasemaje. Jibu lake ni somo zuri la historia ya Kiswahili.