Mkalimani Mwenye Mipaka

Programu inayosoma maagizo na kuyatekeleza papo hapo yastahili kuitwa mkalimani. Mfasiri ni ile inayogeuza matini nzima kabla haijatumika. Hatari ya mkalimani ni utii wake: akiagizwa kufuta faili, hufuta.

Hatari hiyo iliikabili Tcl, lugha iliyobuniwa na John Ousterhout huko Berkeley, Marekani, mwaka 1988, maagizo yake yalipoanza kutumwa kwa barua pepe. Nathaniel Borenstein na Marshall Rose wakatunga Safe-Tcl, na wazo lao likaingizwa katika toleo la 7.5, mwaka 1996. Wakalimani huwa wawili. Yule anayepewa maagizo ya mgeni hufichwa amri za kufungua faili na kuendesha programu nyingine. Akihitaji kitu humwomba mwenzake, naye hupima.

Upande wa picha, uitwao Tk, ulikuwa na ugumu wake. Dirisha halifuti faili, lakini laweza kujifanya dirisha jingine na kumghilibu mtu atoe neno lake la siri. Kwa hiyo amri ya kuhodhi kibodi na kipanya nayo ilifichwa, na dirisha la mgeni likatiwa alama ya kumtahadharisha mtumiaji.

Hati za awali ziliwaita wakalimani hao bwana na mtumwa. Pwani yetu, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, mfasiri hayaandiki maneno hayo bila kusita. Hati za sasa husema mzazi na mtoto. Mbali na staha, istilahi hizi ni sahihi zaidi: mtumwa huamriwa, ilhali mtoto huyu huomba ruhusa, na mzazi aweza kumnyima.